Vyoo vya kuvuta vijengwe penye maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi mwashi, mkazi wa Mkonze hapa jijini Dodoma, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu kubwa imekuwa misingi, makaro na vyoo. Nimejenga vya nyumba za wageni, vya misikiti na makanisa, vya watu wenye uwezo na vya wajane. Leo naandika kutetea choo kikavu, kisichovutwa kwa maji, kwa shule na kwa kaya za pembezoni, kwa sababu huko ndiko ninakoona fedha za umma na nguvu za wananchi zikifukiwa ardhini bila mtu kunufaika.

Ipo shule ya msingi katika wilaya mojawapo ya mkoa wetu, sitaitaja. Ilijengewa vyoo vizuri vya kuvuta: vigae ukutani, masinki meupe ya kuchuchumaa, tenki juu ya mnara. Nilifanya kazi ya lipu pale, kwa hiyo najua hakuna kilicholipuliwa. Kilichokosekana ni maji. Maji ya kisima yaliyotarajiwa kujaza lile tenki hayakufika shuleni, na mwalimu mkuu akaona bora afunge milango kwa kufuli. Nilipopita tena aliniambia, “Fundi, funguo ninazo mezani. Nikivifungua leo, kesho kutwa havitaingilika.” Watoto wanatumia mashimo ya zamani yaliyoota nyufa, na wasichana wakubwa siku zao zikifika wanabaki nyumbani.

Tufanye hesabu ndogo. Shule yenye wanafunzi 600, kila mmoja akienda chooni mara moja tu kwa siku na kumwaga lita 2 kwa kopo, inahitaji lita 1,200. Hayo ni madumu 60 ya lita 20, kila siku ya masomo, kabla hajanywa mtu na kabla uji haujapikwa. Nani atayabeba? Tunajua nani: ni hao hao wasichana. Kwa upande wa nyumbani, kaya ya watu sita yenye choo cha kuvuta kinachotumia lita 6, kila mtu akikivuta mara tano, inamaliza lita 180 kwa siku, yaani madumu 9. Mwenye kununua dumu la mkokoteni mwezi wa Oktoba anaelewa maana ya madumu 9 ya kusukuma haja.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni vumbi na upepo. Jiji kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na watu wanaongezeka kwa kasi: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,000 na ushei ndani ya mipaka ya jiji, ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Serikali imehamia hapa, Mji wa Serikali wa Mtumba umejengwa, viwanja vimepimwa mpaka milimani. Mabomba ya majitaka yanayoishia mabwawa ya Swaswa hayawezi kuifikia kila nyumba ya Ntyuka au Nala, sembuse vijiji vya Bahi na Chamwino. Silaumu mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba sehemu kubwa yetu tutaendelea kumaliza haja zetu ndani ya viwanja vyetu wenyewe, kwa hiyo tuchague njia inayolingana na ardhi yetu.

Na ardhi yetu nayo ina mambo yake. Upande wa milima unachimba futi nne unakutana na mwamba. Vijana wanapiga sururu siku nzima wanatoa karai chache. Upande wa mbuga, kama Bahi, udongo mweusi unapasuka kiangazi na kuvimba masika, na maji ya ardhini yako karibu. Shimo la choo uliloliamini Agosti linabomoka Februari, au linajaa maji mpaka juu. Halafu ndipo inakuja ile tabia ambayo wote tunaijua na hatuisemi: mvua kubwa ikipiga usiku, mtu anatapisha choo. Anatoboa tofali la pembeni, uchafu unafuata mkondo wa mvua mpaka kwa jirani wa bondeni, na huko kuna kisima cha ndoo. Wanasayansi walishaandika tangu miaka ya 1990 kwamba maji ya ardhini ya mji huu yana naitreti nyingi, yaani chumvi inayotokana na uchafu na mbolea, na kwamba majitaka ni chanzo kimojawapo. Maji yale yale tunayoyachota ndiyo tunayoyachafua.

Nimefundishwa na kujenga aina nyingine ya choo, choo kikavu cha kutenganisha mkojo, na nataka wasomaji wako wakielewe vizuri kwa sababu wengi wanakisikia juu juu. Hakichimbwi shimo. Kinajengwa juu ya ardhi, kwa hiyo mwamba si tatizo na maji ya chini si tatizo. Unainua vyumba viwili vya tofali vilivyo sambamba, kila kimoja kama mita moja kwa sentimita 80 na kina cha sentimita 70, sakafu yake zege iliyopigwa niru isipitishe unyevu. Juu yake unamwaga jamvi lenye nondo. Kwenye jamvi unaweka sinki la kutenganisha: mbele kuna kibakuli cha kupokea mkojo, nyuma kuna tundu la haja kubwa. Mkojo unashuka kwa bomba dogo hadi kwenye dumu lililofunikwa, au kwenye kishimo cha kokoto kama mwenye nyumba haulimii. Kinyesi kinaangukia chumbani, na kila anayemaliza anamwagia vikombe viwili vya majivu. Bomba la hewa la inchi nne linapanda juu ya paa, na wavu wa kuzuia nzi unafungwa kwenye mdomo wake. Nyuma ya kila chumba kuna mlango mdogo wa bati lililopakwa rangi nyeusi. Mimi huuelekeza kaskazini kila kiwanja kinaporuhusu, kwa sababu miezi yetu ya kiangazi jua linapita upande huo, na bati likipata moto chumba kinakauka upesi.

Siri yote iko kwenye kutenganisha. Harufu kali ya choo cha shimo inatokana na mkojo kuchanganyika na kinyesi. Vikishachanganyika vinaoza vikiwa majimaji, na nzi wanapata pa kuzalia. Kinyesi peke yake, kikiwa na majivu na hewa, kinanywea na kuwa kama udongo. Chumba cha kwanza kikijaa, na kwa kaya ya watu sita huchukua karibu mwaka, kinafungwa na mnahamia cha pili. Wakati cha pili kinajaa, cha kwanza kinakaa bila kuguswa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 inasema kwamba kwenye joto la nyuzi 20 hadi 35 kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja, au zaidi ya miezi sita kama majivu au chokaa vimekifanya kuwa na ualkali mkali. Mimi nawashauri wateja wangu wasihesabu miezi sita. Wasubiri mwaka mzima upite. Mayai ya minyoo ya tumbo ni magumu kufa kuliko vijidudu vingine vyote, na mtoto anayechezea bustani hajui kusoma miongozo.

Kuna swali ambalo huulizwa na kila mama, na linastahili kujibiwa kwa heshima: na kutawaza je? Watu wa mkoa huu, Waislamu wa Kondoa na hata sisi wengine, tunatumia maji. Mtaalamu anayekuja na mchoro wa nchi ambako watu wanajipangusa kwa karatasi anatuletea choo ambacho kitalowa ndani ya wiki moja. Jibu lipo na ni la kifundi. Pembeni ya sinki unaweka sehemu ya tatu, kisahani chenye mfereji wake. Mtu akimaliza anasogea hatua moja, anatawaza pale, na yale maji machache yanakwenda kwenye kishimo cha kokoto nje, ambako unapanda mgomba. Nilijenga kimoja cha namna hiyo kwa familia moja ya Kiislamu huko Kondoa. Mzee wa nyumba alikikagua kabla ya kunilipa, akachukua kopo, akamwaga maji kwenye kila sehemu akiangalia yanakoelekea. Aliporidhika alimwita mkewe na wakwe zake waje waone. Ukaguzi wa namna ile ndio ninaoutaka kwa vyoo vya serikali pia.

Kuna watakaosema majivu yatakwisha, kwa kuwa nchi inahamia kwenye nishati safi ya kupikia na lengo la serikali ni asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034. Ni kweli, jiko la gesi halitoi majivu. Lakini udongo mkavu uliochekechwa unafaa, maranda ya seremala yanafaa, na Bahi pumba za mpunga zinalundikwa nje ya mashine mpaka zinachomwa moto. Zinafaa sana.

Nisiseme kwamba choo hiki kinafaa kila mahali, kwa sababu hakifai. Kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na wapangaji wanaobadilika kila baada ya miezi michache, sitamshauri mwenye nyumba akijenge isipokuwa awe na mtu anayelipwa kukiangalia. Anayehamia leo hajui sehemu ya mbele ni ya nini. Anamwaga maji ya kuogea ndani, na choo kinaharibika kwa wote. Nyumba yenye mgonjwa wa kuhara nayo inahitaji majivu mara mbili au tatu ya kawaida. Pedi na matambara yasitupwe ndani. Choo cha shule lazima kiwe na pipa la mfuniko na chumba kidogo cha wasichana chenye ndoo ya maji. Maji ya kunawa mikono hayakwepeki kamwe, ila kibuyu chirizi, yaani kidumu cha kunawia kinachochirizisha maji, kinatumia kidogo sana, na lita 1,200 za kusukuma haja hazilinganishwi na hayo.

Mfano wa Durban, Afrika Kusini, tunapaswa kuusoma wote. Baada ya mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2000, manispaa ya eThekwini, inayosimamia mji huo, ilijenga zaidi ya vyoo 75,000 vya kutenganisha mkojo katika maeneo ambayo mabomba ya majitaka hayafiki. Kiufundi vilisimama. Lakini kaya nyingi zilitakiwa kuondoa uchafu zenyewe, na watu hawakuipenda kazi hiyo. Wakaviona ni vyoo vya kuwatenga maskini, ilhali wa mjini wanavuta maji. Baadaye manispaa ilibidi ilipe makandarasi wa kuviondolea uchafu. Hapo ndipo ninapotaka wapangaji wetu wakae na kalamu. Gharama ya kumpata mtu wa kufungua ule mlango wa nyuma kila mwaka, akiwa na glavu, buti na ujira wake, iwe ndani ya bajeti siku ile ile inayopitishwa bajeti ya tofali.

Hatuogopi kufundishwa katika nchi hii. Baba yangu alichimba choo chake cha kwanza Mpwapwa mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kusikiliza redio kwa vikundi, wakajadiliana, halafu wakashika majembe. Kampeni ya Nyumba ni Choo iliyoanza mwaka 2017 nayo imeamsha watu, nimeiona kwa wingi wa kazi nilizozipata. Ninachosikitikia ni miradi inayojenga na kuondoka. Anakuja mtu na gari, anapiga picha choo kikiwa kipya, anaondoka. Hakuna anayerudi siku chumba cha kwanza kinapojaa, na hiyo ndiyo siku familia inapohitaji mtu wa kusimama nayo. Nimekuta vyoo vya namna hii vimegeuzwa stoo ya mahindi. Mwenye nyumba aliniambia, “Baba, kilijaa, tukaogopa kukifungua.” Ndani uchafu ulishakuwa mkavu kabisa. Hakuna aliyemweleza.

Wakulima wenzangu watauliza juu ya mbolea. Mtu mzima anatoa kama lita 500 za mkojo kwa mwaka, na ndani yake mna naitrojeni, kile chakula cha mimea, ya kilo 2 hadi 4 kutegemea anakula nini. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni ya kilo 23. Kaya ya watu sita, ukitoa haja za shuleni na kazini na ile inayopotea hewani, inaweza kubaki na nusu mfuko hivi kwa mwaka. Si utajiri, lakini kwa mama mwenye nusu ekari ya mahindi na mipapai mitatu ni kitu cha maana. Mkojo ukae umefungwa mwezi mmoja hadi sita kama mazao yanakwenda kuliwa na watu wa nje ya familia. Usimwagwe juu ya majani. Piga mfereji kwa jembe kando ya mstari, mimina, fukia pale pale, la sivyo ile naitrojeni inageuka gesi ya amonia na kupotea hewani yote. Usimwagwe tena mahali pamoja kiangazi kizima, kwa sababu una chumvi, na baadhi ya mashamba yetu ya mbuga tayari yana chumvi ya kutosha. Wenye zabibu wawe waangalifu zaidi. Bora usubiriwe msimu wa mvua.

Na kwa ndugu zetu wa Kongwa kuna sababu nyingine kabisa. Trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imewapofusha wazee wengi wa wilaya ile, na watafiti wameifanyia kazi huko kwa miaka mingi. Nzi anayeisambaza kutoka jicho hadi jicho anapenda kuzalia kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kwa hiyo choo chochote kinachotumika kweli kinasaidia macho ya watoto, na choo kilichofungwa kwa kufuli hakimsaidii mtoto yeyote, kiwe na vigae kiasi gani.

Nina lalamiko moja, nalisema bila kutaja ofisi. Nilipeleka mchoro wa choo kikavu kwa ajili ya nyumba ya mteja wangu iliyo mlimani, mahali ambapo hata mwenye kuchimba kwa mashine angekata tamaa. Afisa aliutazama kidogo akasema hicho ni choo cha kijijini, akataka nirudi na mchoro wa karo. Mteja akakopa, tukavunja mwamba kwa moto na nyundo, na leo karo lile linanyonywa na gari mara kwa mara kwa fedha ambazo angesomeshea watoto. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika takwimu zao za dunia, wanakihesabu choo cha mboji, kundi ambalo choo hiki kikavu kimo, miongoni mwa vyoo vilivyoboreshwa. Ukichukua sifa za choo bora tunazofundishwa na mabwana afya, yaani sakafu inayosafishika, mfuniko, kuta, paa, mlango na mahali pa kunawa, choo hiki kinazo zote. Naomba ofisi zinazopitisha michoro ziwe na mchoro mmoja rasmi wa choo kikavu ambao fundi yeyote anaweza kuuchukua, wenye ile sehemu ya kutawazia ndani yake, ili afisa asilazimike kukisia na mwananchi asilazimike kukopa.

Kwa shule, ombi langu ni hili. Kabla ya kujenga choo kingine cha kuvuta, mhandisi afungue bomba la shule ile mwezi wa Oktoba. Likitoa maji, ajenge. Lisipotoa, ajenge vyoo vikavu kwa uwiano ule ule wa kitaifa, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na kando yake mkojo wa wavulana uwe na mfereji wake. Amteue na kumlipa mtu wa kuleta majivu na kufungua vyumba. Kamati ya shule, mwalimu wa afya na angalau fundi mmoja wa kijiji hicho wafundishwe pamoja, ili siku bomba la mkojo likiziba wasimngoje mtu wa mjini.

Tuanze na shule moja Bahi, moja Chamwino na moja Kongwa, na mtu arudi kuzikagua chumba cha kwanza kitakapojaa na kitakapofunguliwa. Mafundi tupo, na kwa shule hizo tatu mimi niko tayari kuwafundisha vijana wa hapo bila kudai posho. Ila kazi ya zege ianze mapema, Juni au Julai. Mvua zikishaingia Desemba barabara za mbugani hazipitiki na malori ya mchanga hayafiki.

Fundi mwashi,
Mkonze, Dodoma.